Tatizo kwanza, somo baadaye: namna ya kujenga fikra tunduizi katika sayansi

Mwalimu wa sayansi akihimizwa kufundisha kwa kutumia matatizo, mara nyingi hushika mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kufundisha mada kama siku zote, kisha kutoa maswali ya mazoezi mwishoni na kuyaita matatizo. Ya pili ni kuwapa wanafunzi swali kubwa, kuwagawa katika makundi, halafu kukaa pembeni akisubiri wagundue wenyewe. Njia ya kwanza haibadilishi kitu. Mwanafunzi anajua tayari kwamba jibu limo katika kurasa alizosoma jana, kwa hiyo kazi yake ni kutafuta kanuni inayofanana na swali. Njia ya pili humwacha gizani, na aliye gizani hubahatisha. Zote mbili huitwa ujifunzaji kwa kutatua matatizo, na ndiyo maana walimu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima kuhusu njia hii huku kila mmoja akizungumzia kitu chake.

Sharti linaloitofautisha njia yenyewe ni kwamba tatizo huja kabla ya somo. Mwanafunzi hukutana na jambo linalohitaji maelezo akiwa na sehemu tu ya maarifa ya kulieleza, na pengo hilo ndilo linalomsukuma asome, aulize na apime. Hata hivyo, tatizo peke yake halimfundishi mtu kufikiri. Watu hukabiliwa na matatizo maisha yao yote na huyatatua kwa kukisia au kwa kuiga wenzao. Kinachojenga fikra tunduizi ni kazi inayofanyika katikati, baina ya tatizo na jibu: kutenganisha kinachojulikana na kinachodhaniwa, kuuliza ni ushahidi gani ungelivunja wazo hili, na kukubali kubadili msimamo ushahidi ukija. Tatizo zuri huilazimisha kazi hiyo. Mwalimu yupo kuhakikisha haikwepwi.

Ilianzia kwa wanafunzi wa udaktari

Njia hii ilipata umbo lake katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, ambako kitivo kipya cha tiba kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1969. Mafunzo ya udaktari wakati ule yalikuwa na utaratibu uliozoeleka: miaka ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia na biokemia katika kumbi za mihadhara, wagonjwa baadaye. Mwanafunzi aliyefaulu vizuri mtihani wa mfumo wa fahamu aliweza kufika kando ya kitanda cha mgonjwa akashindwa kuunganisha alichokariri na anachokiona. Howard Barrows, daktari bingwa wa mfumo wa fahamu aliyekuja kuwa mtetezi mashuhuri wa njia hii, alitaka mwanafunzi aanze na mgonjwa. Mtu huyu ana dalili hizi. Nini kinaweza kuwa kimetokea mwilini mwake, na tunahitaji kujua nini zaidi? Anatomia isomwe kwa sababu kuna mgonjwa anayeihitaji.

Mwaka 1974 kitivo kipya cha tiba huko Maastricht, Uholanzi, kiliichukua njia hiyo na baadaye utaratibu wake ukajulikana kwa hatua zake saba. Kundi dogo la wanafunzi hufafanua kwanza maneno yasiyoeleweka katika tatizo, kisha hukubaliana tatizo hasa ni lipi. Baada ya hapo hutoa maelezo yote yanayowajia, huyapanga na kuyachuja, na kutokana na mapengo yaliyojitokeza huandika maswali ambayo kila mmoja atakwenda kuyatafutia majibu. Kisha hutawanyika kusoma, kila mtu kivyake, na mwisho hurudi pamoja kuyajaribu maelezo yao upya.

Katika hatua hizo, wanafunzi hutoa maelezo yao kabla ya kusoma chochote. Mwalimu aliyezoea kufundisha kwanza huona hapo ni kupoteza muda: watasema makosa, kwa nini tuyasikilize? Sababu ipo. Mwaka 1989 Henk Schmidt na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walipewa kwanza tatizo la seli ya damu: ikiwekwa katika maji safi huvimba hadi kupasuka, ikiwekwa katika maji ya chumvi husinyaa. Walijadiliana kwa nini, bila msaada. Kisha wakasoma maandishi kuhusu osmosisi, yaani namna maji yanavyopenya utando wa seli. Waliojadili tatizo hilo walikumbuka mengi zaidi kutoka katika maandishi kuliko wenzao waliokuwa wamejadili jambo jingine lisilohusiana. Mjadala uliamsha kile walichokuwa nacho kichwani, hata kama kilikuwa pungufu, na maandishi yakapata mahali pa kujishikiza. Kosa la mwanafunzi likisemwa mapema huweza kushughulikiwa. Lisiposemwa hubaki palepale chini ya jibu sahihi alilokariri.

Fikra tunduizi ni nini hasa

Watu wengi wakisikia fikra tunduizi humwona mtu anayepinga kila kitu. Mwaka 1990 jopo la wataalamu 46 lililoratibiwa na Peter Facione kwa ajili ya Chama cha Falsafa cha Marekani lilikubaliana juu ya stadi sita: kufasiri, kuchambua, kutathmini, kufikia hitimisho, kueleza, na kujisimamia mwenyewe katika kufikiri. Ya mwisho ndiyo ninayoiona ngumu kuliko zote, kwa sababu humtaka mtu aligeuzie wazo lake mwenyewe macho yale yale makali anayoyaelekeza kwa wazo la mwenzake.

Katika sayansi, stadi hizi zina sura mahususi. Kufasiri ni kuitazama grafu na kusema inaonyesha nini na haionyeshi nini. Kutathmini ni kuuliza kama jaribio lilikuwa la haki, yaani kama kilibadilishwa kitu kimoja tu na vingine vikabaki vilevile. Kufikia hitimisho ni kukoma pale ushahidi unapokoma. Mtu anaweza kuzitaja stadi zote sita kwa mpangilio na asiwe na hata moja, kwa sababu huonekana tu pale anapokuwa na kitu cha kufikiria. Hapo ndipo tatizo linapoingia.

Samaki waliokufa alfajiri

Nichukue tatizo moja na kulifuata kwa karibu, maana maelezo ya jumla yanaficha mahali kazi inapofanyika.

Wanafunzi wanapewa karatasi yenye aya moja. Asubuhi na mapema, samaki wengi wamekutwa wakielea katika bwawa, wamekufa. Wengi wao ni wakubwa. Samaki wadogo kadhaa bado wako hai na wanaogelea juu juu wakitweta midomo wazi. Maji ni ya kijani kibichi. Jana kulikuwa na mawingu mazito kutwa nzima. Wiki mbili zilizopita shamba la jirani lilitiwa mbolea, na siku nne zilizopita lilipuliziwa dawa ya kuua wadudu. Nini kimewaua samaki?

Darasa lolote litajibu kwa haraka: dawa. Ni jibu la busara, na mwalimu hapaswi kusema ni sahihi wala si sahihi. Ubao umegawanywa sehemu tatu: tunachokijua, tunachokidhania, tunachotakiwa kukitafuta. Mwandishi wa kundi anaandika katika sehemu ya kwanza, "Dawa imeingia majini." Mwalimu anauliza swali moja tu: nani ameiona ikiingia? Kimya. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba shamba lilipuliziwa, basi. Sentensi inafutwa na kuhamishiwa sehemu ya pili. Ukitaka kujua fikra tunduizi inafananaje darasani, ni sentensi ile kuhama sehemu moja kwenda nyingine, na mwanafunzi aliyeiandika kukubali kwa hiari yake kwamba inastahili kuhama.

Swali linalofuata lina nguvu zaidi: kama ni dawa, tungetarajia kuona nini? Hapa wanafunzi hulazimika kulifanya wazo lao litoe utabiri. Dawa ingeua samaki wa kila ukubwa, na mara nyingi wadogo wangetangulia. Ingeua saa yoyote, si lazima alfajiri. Na kwa kuwa ni dawa ya wadudu, wadudu wa majini wasingesalimika. Je, wamo hai? Karatasi haisemi. Swali linaandikwa katika sehemu ya tatu.

Kundi linapouliza lenyewe kuhusu wadudu, mwalimu hutoa karatasi ya pili; lisipouliza, hatoi. Taarifa hupatikana kwa kuiomba, kama ilivyo maabarani ambako hakuna anayekuletea kipimo usichokifikiria. Karatasi ya pili inasema kwamba kwenye nyasi za kando ya bwawa kuna viluwiluwi vya mbu vilivyo hai. Sasa wanafunzi wakienda kusoma watakuta kwamba viluwiluwi vya mbu aghalabu hupumua hewa ya juu ya maji kwa mrija mdogo ulio mkiani. Maana yake ni nini? Viumbe ambao dawa ya wadudu ingewadhuru wako hai, na viumbe hao hao hawategemei oksijeni iliyomo ndani ya maji. Nadharia tete ya dawa imedhoofika, na nyingine imeanza kujitokeza yenyewe. Mwanafunzi makini atanyanyua mkono na kusema kwamba wapo mbu sugu wa dawa, kwa hiyo ushahidi huu haujamaliza kazi. Ana haki kabisa, na mwalimu amwandikie hoja yake ubaoni.

Karatasi ya tatu hutolewa kwa wanaoulizia oksijeni. Ina vipimo vinne. Siku ya jua kali, saa 10 jioni, kila lita ya maji ilikuwa na miligramu 11 za oksijeni. Saa 11 alfajiri iliyofuata zilikuwa 4. Siku ya mawingu, saa 10 jioni, zilikuwa 6. Alfajiri ya samaki kufa, 1.5. Vipimo hivi nimevitunga kwa ajili ya zoezi, lakini mwenendo wake ni ule unaotokea katika mabwawa yenye mwani mwingi.

Ni tarakimu nne tu, lakini zinabeba vipindi kadhaa vya kemia na biolojia. Maji yasiyo na chumvi, katika nyuzi 30 za Selsiasi, hushika takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita yakilingana na hewa iliyo juu yake; katika nyuzi 20 hushika 9.1. Basi miligramu 11 zimetoka wapi? Wanafunzi wataligundua swali hili iwapo tu watakuwa wamelitafuta jedwali la umumunyifu, yaani la kiasi cha oksijeni ambacho maji yanaweza kushika, na wakilitafuta watafika kwenye usanisinuru: mwani huizalisha oksijeni mchana kwa kasi kuliko inavyoweza kutoroka kwenda hewani. Na usiku imekwenda wapi? Hapa ndipo dhana potofu moja kongwe hujitokeza, ile inayosema kwamba mimea hutoa oksijeni na wanyama huitumia, kana kwamba ni kambi mbili. Mwani nao hupumua, mchana na usiku. Mchana uzalishaji hufunika matumizi. Usiku matumizi hubaki peke yake, yakijumuisha ya samaki, mwani na bakteria wanaoozesha mabaki. Wanafunzi waliokwisha kusoma sentensi hiyo kitabuni wakafaulu mtihani wake bado huamini kambi mbili. Wakiona tarakimu zikishuka kutoka 11 hadi 4 gizani, imani hiyo haina pa kusimama.

Swali jingine mwalimu anaweza kulishikilia mfukoni. Usiku wa kwanza oksijeni ilishuka kwa miligramu 7, wa pili kwa 4.5. Je, viumbe wale wale walipumua kidogo usiku wa pili? Kundi litakalofikiri vizuri litaona kwamba jioni ya siku ya jua maji yalikuwa na oksijeni kupita kiwango chake, kwa hiyo sehemu yake ilitoroka hewani bila kutumiwa na kiumbe yeyote. Na sasa mbolea inarudi kwenye hadithi: ndiyo iliyoulisha mwani. Mawingu yanarudi: yalipunguza akiba ya jioni. Hata ukubwa wa samaki unaeleweka, kwa kuwa oksijeni ikipungua mara nyingi wakubwa hutangulia kufa.

Je, tatizo limekwisha? Mwalimu aulize: tumethibitisha kwamba dawa haikuhusika? Hapana. Tumeonyesha kwamba upungufu wa oksijeni unatosha kueleza tulichokiona, na kwamba dawa inaeleza vibaya zaidi. Kama ingekuwa dawa ya magugu badala ya wadudu, ingeweza kuua mwani, mwani uliokufa ukaoza, na uozo ule ukamaliza oksijeni. Maneno "inatosha kueleza" na "imethibitishwa" yako mbali sana, na mwanafunzi anayeusikia umbali huo amejifunza kitu ambacho hakitampotea baada ya mtihani.

Hitimisho lililopita mpaka wake

Kwa wanafunzi waliokomaa kidogo, historia ya sayansi ina matatizo yaliyokwisha kuiva. Ninalolipenda zaidi ni la mwanakemia Jan Baptist van Helmont, lililochapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alikausha ratili 200 za udongo, akazitia katika chombo, akapanda mche wa mti wenye uzito wa ratili 5, akaumwagilia maji ya mvua au yaliyokenekwa. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na wakia 3 hivi, na udongo ulipokaushwa tena ulikuwa umepungua kwa takriban wakia 2 tu. Akahitimisha kwamba ratili zote 164 zilitokana na maji peke yake.

Wape wanafunzi jaribio hilo bila jibu, na waulize wanakubaliana na sehemu ipi na wanakataa ipi. Watataka kukataa vipimo, lakini vipimo havina tatizo kubwa. Jaribio lilivunja kwa uzuri kabisa wazo la kale kwamba mmea hujengwa kwa udongo. Kasoro imo katika neno "peke yake": hewa ilikuwepo muda wote na hakuipima. Van Helmont mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuichunguza hewa inayotoka makaa yakiungua, ambayo leo tunaiita kaboni dioksaidi, na hakuiona kazi yake ndani ya mti. Wanafunzi hushangaa kwamba mtu mwenye akili kubwa hivyo alipitwa na jambo hilo. Mshangao huo una manufaa, kwa sababu unawaonyesha kwamba kosa la kufikiri huweza kumpata hata aliyepima kwa uangalifu, na kwamba swali la kujiuliza kila mara ni hili: kuna nini chumbani ambacho sikukihesabu?

Pingamizi linalostahili kusikilizwa

Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala yenye hoja nzito dhidi ya ufundishaji wenye mwongozo hafifu, na ujifunzaji kwa matatizo waliutaja waziwazi. Hoja yao inatokana na jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Sehemu ya akili inayoshikilia mambo tunapoyafanyia kazi ni finyu sana. Mtaalamu hutatua tatizo kwa urahisi kwa sababu mengi yamo tayari katika kumbukumbu yake ya muda mrefu. Anayeanza hana akiba hiyo, kwa hiyo kulisaka jibu hula nafasi yote na hakuna inayobaki ya kujifunza. Kwake, mfano uliotatuliwa hatua kwa hatua husaidia zaidi.

Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver, Ravit Golan Duncan na Clark Chinn waliwajibu kwamba ujifunzaji kwa matatizo ukifanywa ipasavyo una mwongozo mwingi mno: maswali ya mwalimu, mihadhara mifupi pale inapohitajika, na misaada ya kupanga fikra, ya aina ya zile sehemu tatu za ubao. Naona pande zote mbili zinasema kweli kuhusu madarasa tofauti. Kirschner na wenzake wanaeleza kwa usahihi kinachotokea katika ile njia ya pili niliyoanza nayo, ya kuwaachia wanafunzi swali na kukaa pembeni. Walimu wanaoshindwa na njia hii kwa kawaida wameshindwa hapo, kisha wakalaumu wanafunzi kwamba hawajazoea kufikiri.

Matokeo ya tafiti nayo yanataka kusomwa kwa utulivu. Filip Dochy na wenzake mwaka 2003 walikusanya tafiti 43, nyingi zikiwa za vyuo vya tiba. Katika stadi za kuyatumia maarifa, ujifunzaji kwa matatizo ulikuwa na faida iliyo wazi. Katika kiasi cha maarifa yenyewe ulielekea kuwa nyuma kidogo, ingawa waliojifunza kwa njia hii walielekea kukumbuka kwa muda mrefu zaidi kile walichokipata. Kwa hiyo mwalimu anayeambiwa kwamba njia hii huongeza kila kitu anadanganywa. Ina gharama, na gharama hiyo ni mada chache zaidi kwa muda uleule.

Kuhusu fikra tunduizi hasa, uchambuzi wa Philip Abrami na wenzake wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti 117, una somo ambalo ningependa kila mwandishi wa mitaala alisome. Kuwazamisha wanafunzi katika maudhui yanayochochea fikra bila kuzitaja stadi zenyewe kulileta mafanikio madogo kuliko mbinu nyingine. Yaliyoleta makubwa yalikuwa mafunzo mseto, ambamo stadi hufundishwa waziwazi na pia hutumika ndani ya somo. Hili linakubaliana na jaribio la Zhe Chen na David Klahr la mwaka 1999 kwa watoto wa miaka 7 hadi 10: walioelezwa bayana namna ya kulifanya jaribio liwe la haki, huku wakiulizwa maswali, walijifunza vizuri kuliko walioachwa kujaribu wenyewe, na waliweza kuutumia ujuzi huo kwenye vifaa vingine.

Kivitendo, maana yake ni kwamba mwalimu asione haya kusimamisha kazi ya makundi kwa dakika kumi akafundisha. "Hebu tuache samaki kidogo. Nataka niwaonyeshe tofauti ya vitu viwili kutokea pamoja na kimoja kusababisha kingine." Kisha warudi kwenye bwawa. Fundisho linapokuja wakati wanafunzi wameshalihitaji, wanalisikia kwa masikio mengine kabisa.

Kazi ya mwalimu, na tatizo linavyoandikwa

Wanaosema mwalimu katika njia hii ni mwezeshaji tu hawajaketi na makundi sita kwa saa nzima. Kazi ni kubwa kuliko kuhutubia. Lazima ajue mada kwa upana, kwa sababu hawezi kutabiri wanafunzi wataelekea wapi. Lazima azuie ulimi wake pale jibu linapomwasha. Na lazima awe na maswali yake tayari: Umejuaje? Kuna maelezo mengine yanayoweza kuleta matokeo haya haya? Nini kingekufanya ubadili mawazo? Mwenzako amesema kinyume; mmetofautiana kuhusu ukweli au kuhusu maana yake? Baada ya majuma kadhaa wanafunzi huanza kuulizana maswali haya wenyewe, na hapo mwalimu anaweza kurudi nyuma hatua moja.

Kuhusu makundi sina mengi: wawe wanne hadi sita, kazi za mwandishi na mwenyekiti zizunguke, na kila mtu aandike wazo lake kabla ya mjadala kuanza ili mwenye sauti kubwa asiwafikirie wengine.

Kuandika tatizo ndiko kunakohitaji muda mwingi. Tatizo linalofaa lina maelezo zaidi ya moja yanayoingia akilini, na moja kati yake ni lile litakalomvutia mwanafunzi kwa haraka na kumpoteza. Lina taarifa zisizotosha, na pia zisizohitajika, maana maisha hayampi mtu namba zile tu zinazoingia kwenye kanuni. Linagusa mada ambazo mtaala unataka zifundishwe, vinginevyo mwalimu atajikuta akiiba vipindi. Na linaweza kukaguliwa: kuna ushahidi ambao ukipatikana utaamua. Swali kama "tufanyeje ili tuokoe mazingira" halina sifa hizi. Ni pana mno, kila jibu linakubalika, na mwanafunzi ataandika maneno mazuri bila kulazimika kufikiri hata mara moja.

Kwa mwalimu anayeanza, tatizo moja kwa muhula linatosha, na si lazima liwe kubwa. Chukua jaribio ambalo tayari lipo kwenye mtaala, ondoa maelekezo yake, bakiza swali. Badala ya hatua nane za kuonyesha kwamba kutu huhitaji maji na oksijeni, wape misumari mitano iliyokaa mahali tofauti kwa wiki moja, mmoja ukiwa hauna kutu kabisa, na waseme kwa nini.

Upimaji ndio unaoamua

Wanafunzi husoma kinachotahiniwa. Ukifundisha kwa matatizo muhula mzima kisha mtihani ukauliza "eleza maana ya usanisinuru", umewaambia kwa sauti kubwa kuliko maneno yako yote kwamba ile kazi ya ubaoni ilikuwa burudani. Mtihani utoe hali mpya, isiyofundishwa, yenye data, na uulize maswali ambayo hayajibiki kwa kukariri. Kwa mfano: tangi la samaki lenye mimea mingi limefunikwa kwa kitambaa cheusi kwa siku mbili, na samaki wanapanda juu kutweta. Mwenzako anasema maji yamechafuka kwa kinyesi cha samaki. Taja kipimo kimoja ambacho kingetofautisha maelezo yake na yako, na useme kila matokeo yangekuwa na maana gani.

Usahihishaji wake unahitaji ujasiri. Mwanafunzi A ameandika "oksijeni imekwisha", akaishia hapo. Mwanafunzi B ameamini ni kinyesi, lakini amependekeza kupima oksijeni na amonia, kemikali itokanayo na uchafu wa samaki, kwa pamoja, akaeleza kwamba amonia ikiwa chini na oksijeni ikiwa chini wazo lake litakuwa limeshindwa. Katika alama 5 za swali hilo, ningempa A alama 1 na B alama 4, na ningewaonyesha wote wawili karatasi zao pamoja na vigezo vya alama kabla ya tatizo linalofuata kutolewa.